Nguruwe Mwenye Kofia ya Kanisani

Mwalimu Kalolaine, ambaye kazi yake shuleni ilikuwa kuwatafutia wanafunzi wa mwaka wa mwisho vyuo vikuu, alikuwa na kanuni moja: usijidharau mbele ya watu wenye nafasi za kugawa. Kuisema ilikuwa rahisi. Kuifundisha katika visiwa vya Tonga ilikuwa kama kumfundisha paka kuogelea. Hapa mtu akikuletea nguruwe mzima wa kuokwa, ngozi inametameta, atakuambia, "Samahani, ni kijimnyama tu, hakina hata nyama." Ndiyo adabu, na watoto huinyonya na maziwa ya mama.

Fusipala, msichana wa mwaka wa mwisho, alikuwa ameinyonya hadi akavimbiwa.

"Tuanze tena," alisema Kalolaine, siku moja kabla ya usaili. "Mimi ndiye profesa. Kwa nini unataka kusomea udaktari wa mifugo?"

"Sijui kama nastahili, Mwalimu."

"Sikukuuliza hilo. Una uzoefu gani?"

"Sina."

"Fusipala! Nguruwe wangu alipokwama kuzaa, nani alimzalisha?"

"Alijizalisha mwenyewe. Mimi nilikuwepo tu."

"Ulikuwepo na mkono wako ndani hadi kwenye kiwiko!"

"Mkono wenyewe mdogo tu, Mwalimu."

Kalolaine alifumba macho. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kimetenga nafasi moja tu ya udaktari wa mifugo kwa visiwa vyote, na kisiwa chao hakikuwa na daktari hata wa kuku. Nguruwe akiugua, watu walimwita Fusipala. Akiikosa nafasi hiyo, angeenda kukunja mashuka kwenye hoteli ya binamu yake. Si kazi mbaya, lakini mashuka hayazai.

"Kesho ukisema neno 'mdogo' hata mara moja, nitakufinya chini ya meza."

"Asante, Mwalimu. Kifinyo chenyewe sikistahili."

Kesho yake walipoingia chumba cha kompyuta, walimkuta Shangazi Lupe amekwisha kaa. Alikuwa amejifunga kiunoni mkeka wake mzuri, kama Watonga wavaavyo kwa heshima, na kuvaa kofia ya kanisani yenye maua ya plastiki.

"Mama Lupe, usaili ni wa mtoto peke yake," alisema Kalolaine.

"Nani kasema? Akiolewa nitakaa mbele. Nikifa atanililia mbele. Leo nikae nje kama mbwa?"

Dada wa baba hatolewi nje. Hata baba mwenyewe humnyenyekea. Kalolaine akamsogezea kiti pembeni, mahali ambapo kamera haikufika. "Lakini kimya."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Nyuso tatu zikatokea kwenye kioo cha kompyuta: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye mvi aitwaye Profesa Thornbury, na wanaume wawili wenye tai. Profesa akasalimia, akatabasamu, akasema, "Haya binti, tueleze uwezo wako."

Fusipala akainamisha kichwa. "Waheshimiwa, mimi ni mtu mdogo..."

Kalolaine akamfinya.

"...mwenye akili ndogo..."

Akamfinya tena.

"...na sasa paja linaniuma. Nafasi hii mpeni mtu anayejua kitu."

Maprofesa wakatazamana. Mmoja akaandika neno fupi sana. Kalolaine akaiona nafasi inafunga virago.

"Msimsikilize!" Shangazi Lupe alipaza sauti kutoka pembeni.

Huku Tonga msichana akicheza ngoma mbele za watu, shangazi zake huruka pembeni yake na kucheza ovyo kwa makusudi, wakijikunja na kukodoa macho, ili uzuri wa msichana uonekane. Shangazi Lupe alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Aliruka mbele ya kamera, kofia imepinda.

"Nitazameni mimi! Mjinga wa ukoo ni mimi! Nilimtibu kuku kikohozi, akafa kabla sijafungua chupa!" Kisha akapiga magoti, akaweka viganja sakafuni. "Sasa mimi ni nguruwe. Nina uchungu tangu alfajiri. Groo! Groo!"

"Shangazi, inuka jamani," Fusipala alinong'ona.

"Groooo!"

"Nguruwe mwenye uchungu halii hivyo." Uso wa Fusipala ulianza kubadilika. Aibu aliweza kuivumilia. Nguruwe wa uongo hakuweza kumvumilia. "Anatweta. Na hasimami hivyo. Lala ubavu. Ubavu, Shangazi, si tumbo!" Akasogeza meza, akageuza kamera, akakunja mikono ya shati. "Mwalimu, shika mguu wa nyuma."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine? Shika!"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwamuru Kalolaine. Aliushika.

Profesa Thornbury akasogea karibu na kamera. "Kama kitoto kinatanguliza miguu ya nyuma?"

"Kwa nguruwe si neno, wengi hutoka hivyo. Taabu ni wawili wakifika mlangoni pamoja. Namrudisha mmoja, namtoa mwenzake. Kucha fupi, sabuni, mafuta mengi, na sivuti kabla mama hajasukuma."

"Akimaliza kuzaa, akakataa kula?"

"Napima joto, nakagua titi moja moja. Likiwa gumu na la moto, maziwa hayatoki. Watoto watakufa kabla ya mama, kwa hiyo nawalisha wao huku namtafutia dawa."

"Umewahi kupoteza mmoja?"

"Ndiyo. Nilichelewa kuitwa. Wenye nguruwe wangekuwa na daktari wa kumpigia simu, angepona."

Nguruwe sakafuni akaguna kwa huzuni.

Profesa akawageukia wenzake. Mmoja aliitikia kwa kichwa. Wa pili pia, huku akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya tai. "Binti, tukikupa nafasi hii, utaiweza?"

Kalolaine akataka kumfinya, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika mguu. Jibu la adabu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Fusipala; mwalimu aliliona linavyomvuta shingo kuelekea chini. Msichana akainua kidevu.

"Nitaiweza," alisema, akaona haya kama aliyevua nguo kanisani. "Nitaiweza vizuri."

"Basi ni yako. Barua itafuata. Na huyo mgonjwa je?"

"Yuko salama," alijibu Fusipala, "ila hawezi kuinuka. Mwalimu, mgeuze kwako, mimi nashika kiuno. Haya, Shangazi, sukuma!"