Nguo za Majaribu

"Hivi nyinyi hapo kwenu mmefungua shule au gereza?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tunatoka getini kwenda kanisani. Sikumlaumu. Tulikuwa watu wanne, na wote tumevaa kitambaa kimoja, kijani chenye majani ya manjano, ambacho wiki iliyotangulia kilikuwa pazia la sebuleni. Mwanangu alivaa shati la pazia. Mjukuu wangu alivaa gauni la pazia. Mimi, mjane wa heshima zangu, nilivaa blauzi ya pazia yenye mikono ya puto, na kila nilipoinua mikono kuomba nilionekana kama mtu anayejaribu kupaa kabla ya siku yenyewe. Mwenye mshono alikuwa ametangulia mbele, kidevu juu.

"Ni nguo za nyumbani," nikamjibu.

"Hilo naliona, jirani. Dirisha nalitambua. Nauliza kuhusu nguo."

Mwenye mshono ni mkamwana wangu. Sitaki kumsema vibaya. Nimemwahidi Mungu kuuzuia ulimi wangu, na huwa nauzuia mpaka mahali fulani. Ni mchapakazi, nyumba yake haina vumbi, na ofisini kwake wanamsifu. Ila tangu mwanangu amletee cherehani ya umeme, alitangaza kwamba nyumba hii haitavaa tena nguo za dukani, kwa sababu hazina roho. Mimi nilifundishwa kwamba nguo haina roho, mwenye roho ni aliyevaa. 

Hakwenda kujifunza kwa fundi. Mafundi wa barabarani aliwadharau, akasema wale wanakata kwa kukisia. Yeye alifuata wabunifu wanaojitegemea, watu waliokaa majumbani kwao wakichora nguo na kuuza michoro kwa simu. Mchoro wenyewe unaitwa pateni. Unaununua, unauchapa kwa printa karatasi baada ya karatasi, unaziunganisha kwa selotepu mpaka zinakuwa kubwa kama mkeka, halafu unaweka juu ya kitambaa na kukata. Yeye alichapa ofisini kwake, akarudi na bahasha imevimba, akatandaza sakafuni. Sebule ikawa haipitiki. Tukawa tunatembea tumeegemea ukuta kama wezi. Jioni moja nilipiga magoti kusali mahali ninaposalia siku zote, nikasikia ukelele.

"Mama! Umepigia magoti nyonga!"

"Nyonga ya nani?"

"Ya mume wangu! Umeichana!"

Nikahamia kitandani kusali. Nyonga ikaungwa kwa selotepu.

Zile nguo za pazia zilitubana, lakini tulidhani pazia lilikuwa dogo. Tukasema si kitu, ndiyo kwanza anaanza. Kumbe hapo tulikuwa bado hatujafika.

Siku moja aliingia jikoni anang'aa uso. "Mama, nimechaguliwa! Nimekuwa mjaribu!"

Mwiko ulinianguka. Kanisani kwetu Mjaribu ni mmoja tu, na hatumpigii makofi.

"Mjaribu wa nani, mwanangu?"

"Wa pateni. Mbunifu akichora nguo mpya, kabla hajaiuza anawapa watu wachache waishone. Wanavalisha familia, wanapiga picha, wanamwambia kasoro. Ni heshima kubwa, Mama. Watu wanaililia."

"Na sisi humo ni akina nani?"

"Nyinyi ndio mnaojaribiwa."

Alisema hivyo bila haya yoyote. Tangu siku hiyo, katika sala yangu, yale maneno ya kutotiwa majaribuni nilikuwa nayasema kwa sauti ya juu kidogo, hasa yeye akiwa chumba cha pili.

Aliyeanza kujaribiwa ni mwanangu, kwa suruali. Akavuta pumzi, zipu ikapanda. Akaiachia pumzi, zipu ikashuka yenyewe. Mtu mwingine angeitazama suruali. Mkamwana wangu alilitazama tumbo.

"Umenenepa."

"Mimi?"

"Nimekupima, nimechagua saizi yako, nimekata penyewe. Pateni haidanganyi."

Mwanangu ni mtu mpole, nilimlea hivyo, na siku hizi najiuliza kama sikuzidisha. Aliivaa. Suruali ikamkataza kukaa, akawa anakula amesimama kando ya kabati kama mlinzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii haikuwa ya kuazima, lakini nayo haikujisumbua.

Kisha zamu yangu. Akanivalisha koti, mikono ikagoma kushuka.

"Mama, umenenepa mabega."

Nilimtazama. Tangu nimzike mume wangu, nguo zangu zote zinanizunguka kama kengele inavyozunguka ulimi wake. "Mabega yananenepa kwa kula nini, mwanangu?"

Akafikiri kidogo. "Labda ni mkao wako, Mama."

Haya, nikakubali kuwa na mkao. Mimi na mwanangu ni watu wazima, tulikwisha kuchekwa na dunia, hatukufa. Lakini ikaja zamu ya mjukuu wangu.

Huyu ni binti wa umri ule ambao kioo ndicho hakimu wake. Anaimba kwaya, ana sauti ambayo ikiingia, wazee wanaacha kukohoa. Mama yake alimshonea gauni la buluu la mbunifu yule, la kuimbia. Zipu ya mgongoni ikapanda nusu, ikakwama. Mkamwana wangu alikuwa na pini mdomoni, akasema kupitia katikati ya pini, bila ubaya, kama mtu anayesoma hali ya hewa:

"Kiuno kimeongezeka. Punguza mkate, mama."

Mtoto akajitazama kiooni kwa upande, kisha kwa upande mwingine.

Tangu siku hiyo nikaanza kuitazama sahani yake. Kwanza aliacha mkate. Halafu akawa anasema ameshakula shuleni. Halafu akajifunza kukisukuma chakula huku na huku, akikitandaza ili kionekane kimepungua. Mimi nimelea, nimeuguza mgonjwa mpaka kaburini, sahani ya mtu asiyekula naijua hata akiipamba. Usoni akaanza kufifia. Mazoezini mwa kwaya akakaa chini katikati ya wimbo, akasema kamba ya kiatu imefunguka. Alikuwa amevaa ndara.

Nikamwendea mama yake. "Mwanangu, mtoto hali."

"Anakula kwa kiasi, Mama. Na inasaidia. Juzi zipu ilifika hapa, leo imefika hapa." Akanionyesha kwa kidole, anafurahi. "Unaona inavyopanda?"

"Naona mtoto anavyoshuka."

"Mama, hivi ni vipimo. Siyo maoni."

Nikamwendea mwanangu kwenye kabati lake. "Baba, binti yako anakonda."

"Mama yake anajua vipimo," akasema, anaivuta suruali.

"Na wewe unajua nini?"

Akatafuna. Mwanamume aliyebanwa na suruali hawezi kubishana, damu haifiki juu.

Basi nikawa namwekea mtoto uji chumbani kwangu. Siku nyingine alikunywa vijiko viwili kwa kunionea huruma. Siku nyingine alinibusu shavu, akauacha ukiganda. Nikamwambia Mungu, mimi sina elimu ya pateni, wala sijui kosa liko wapi, lakini haiwezekani nyumba nzima inenepe kwa pamoja, na mimi nikiwemo. Wewe unaona hadi ndani ya mishono. Sema neno.

Likaja kwa njia ya simu.

Jumamosi ile Mbunifu alitaka kuongea na wajaribu wake kwa video, mmoja baada ya mwingine, awaone watu wakiwa ndani ya nguo. Mkamwana wangu akatupanga sebuleni tangu asubuhi. Simu akaiegemeza kwenye cherehani. Mwanangu alisimama, kama kawaida yake. Mimi mikono ilibaki hewani kidogo. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya gauni la buluu, na safari hii zipu ilikuwa imefika juu. Mama yake alimzungusha kama mtu anayeonyesha kombe. Mimi niliona tu mifupa ya shingo na yale macho yaliyokuwa makubwa kuliko uso. Redio naye alikuja "kuazima chumvi," akakaa na kikombe kitupu mapajani.

Mbunifu akatokea. Mama mmoja mchangamfu, miwani puani, futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona mikono juu? Umetekwa?"

"Ndivyo ilivyoshonwa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasogeza uso karibu. "Na wewe kaka, hebu kaa niione hiyo suruali."

"Siwezi, dada."

"Huwezi kukaa?"

"Tangu mwezi uliopita."

Mkamwana wangu akaingilia haraka. "Nilikuwa nataka kukuandikia kuhusu hilo. Saizi zako ni za watu wembamba sana. Ila familia yangu inajitahidi, wanapungua. Huyu binti amepungua vizuri mpaka ameingia."

"Amepungua ili aingie?" Mbunifu akavua miwani. "Shoga, kile kisanduku ulikipima?"

"Kisanduku kipi?"

"Kwenye karatasi ya kwanza. Kimeandikwa pembeni, nipime kwanza."

"Aa, lile pambo?"

Redio akaziba mdomo kwa kikombe.

Mjukuu wangu ndiye aliyeinama kwenye kapu la vipande, akafukua karatasi ile. Kweli, kwenye kona palikuwa na kisanduku cheusi, na maneno yake kando, yanasomeka bila shida. Mbunifu akasema kila upande uwe sentimita kumi kamili. Mtoto akaweka rula.

"Haifiki tisa na nusu," akasema.

Mbunifu akashusha pumzi. Akaeleza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za hospitali. Printa imepangwa kuubana mchoro utoshe karatasini, kwa hiyo kila mchoro umetoka mdogo. Kwenye kisanduku ni upana wa penseli tu, lakini ukifika kiunoni ni vidole vitatu, na kwenye nyonga zaidi. Kama ni printa ileile tangu mwanzo, basi hakuna nguo hata moja humo ndani iliyowahi kuwa saizi ya mtu.

"Watu wako hawana kasoro," akasema. "Iliyokonda ni karatasi. Rekebisha printa uchape upya. Na huyo mtoto mpe chakula, tafadhali." Akaaga. Alikuwa na wajaribu wengine wanamsubiri.

Aliyecheka kwanza ni mwanangu. Alicheka mpaka machozi, kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akakaa. Mshono wa nyuma ukalia kama turubai linalochanika.

"Bwana asifiwe!" akasema Redio. Huyo hata chumvi hakuikumbuka tena.

Hata mimi nilicheka, mikono juu. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa bado ameshika ile rula.

"Kwa hiyo sikunenepa?" akamuuliza mama yake.

Kicheko kikatukauka. Mkamwana wangu alikuwa anaikunja ile karatasi, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Niliyaona masikio yake yamekuwa mekundu, nikajua anajua. Nilikuwa naliomba kimoyomoyo neno moja tu, samahani, na kila mtoto wa miaka miwili analijua. Mwanangu naye alimtazama, akiwa amekaa na suruali yake wazi. Tulimpa nafasi, Mungu shahidi. Hata Redio alinyamaza.

"Kwani ilikudhuru nini?" akasema mwishowe, bila kuinua macho. "Umependeza zaidi hivi. Na usijidanganye, ulikuwa unaelekea huko huko kwenye unene."

Mtoto akaiweka rula juu ya cherehani, polepole, sambamba na ukingo. Akapita katikati ya sebule. Hakuegemea ukuta. Alizikanyaga karatasi zote zilizotandazwa, mbele ya shati, mgongo wa koti, kola, na selotepu ikamng'ang'ania nyayo mpaka jikoni. Tukasikia kabati linafunguliwa. Akarudi ameshika mkate mzima, ule wa familia wa kesho, haujakatwa.

"Unakwenda wapi na hilo gauni?" mama yake akauliza. "Bado sijapiga picha!"

Akang'ata mkate akiwa amemtazama usoni. Akatafuna, akameza, akang'ata tena. Zipu ya mgongoni ikaanza kuachia, jino kwa jino, mpaka chini. Hata hakushika nyuma. Akafungua mlango wa mbele akatoka barabarani, mgongo wazi.