Sanduku la Kwenda Mbeya

Verediana aliuza fungu la mwisho la maharage kwa bei ya kutupa, akamfunga mwanawe Tadeo mgongoni kwa kaniki, akatoka sokoni mbiombio. Upepo wa Iringa wa mwezi wa sita ulikuwa unachoma masikio. Sanduku la vitabu lingeondoka kwenye ukumbi wa kusomea kesho asubuhi kwa lori la Mbeya, na likishakwenda halirudi mpaka lizunguke miji mingine yote. Naye alikuwa amebakiza kurasa chache za kitabu cha mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake. Mara ya mwisho alimwacha mjane huyo amesimama mbele ya hakimu, hukumu haijasomwa. Wiki nzima, akipalilia, akichota maji, alimfikiria kama jirani yake.

Kuazima hakuweza. Walioazimwa vitabu ni wanaume wenye kadi. Mwanamke alisoma humo humo ukumbini, tena kwa kuonewa huruma. Siku nyingine Tadeo hubaki kwa jirani, lakini jirani alikuwa ameenda Kilolo kuvuna.

Karani wa ukumbi, Isakwisa, kijana wa Tukuyu mwenye tai na viatu vinavyong'aa, alimzuia mlangoni.

"Mtoto haingii, mama. Tangazo hulioni?"

Verediana alikuwa ameliona na kulisoma vizuri sana. Akaomba, akasema mtoto hana fujo, atakaa mgongoni tu. Isakwisa akajibu kwamba watoto wanakojoa, wanachana karatasi, na atakayeulizwa ni yeye. Amwache kibarazani. Kibarazani kwenyewe manyunyu yalikuwa yanaingia, na malori yalipita karibu kabisa na ngazi. Mtu mwenye akili timamu anawezaje kutamka neno kama hilo? Lakini alilitamka, na wasomaji wawili waliokuwa ndani wakakohoa, wakarudi kwenye magazeti yao.

Verediana alimshusha mtoto, akaketi kizingitini. Hakuwa tayari kurudi nyumbani bila hukumu.

Ndipo gari la mzungu msimamizi wa ukumbi liliposimama. Alikuja kutazama kama sanduku liko tayari kwa safari. Watu wote wakasimama wima. Mzungu akapita kwenda ofisi ya nyuma, na mbwa wake akaingia naye, mkubwa, miguu imejaa tope. Mbwa akajikung'uta maji mbele ya rafu, akajilaza sakafuni. Hakuna aliyemwonyesha tangazo.

Tadeo hakumwogopa, maana kwa babu yake hulala na mbwa. Akapenya kando ya miguu ya karani, akajilaza na yeye, kichwa tumboni mwa mbwa. Isakwisa akanyoosha mkono amtoe. Mbwa akanguruma, na mkono ukarudi.

"Mtoe mtoto wako," alinong'ona.

"Mtoe mwenyewe, karani. Mimi mbwa wa watu simgusi."

Verediana akaingia, akachukua kitabu chake sandukuni, akasoma amesimama, kidole kikifuata mstari. Alifurahi kama mtoto aliyedokoa nyama jikoni. Kitabuni, shemeji aliitwa. Mashahidi wakasema uongo. Hakimu akavaa miwani yake.

Mzungu alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na sasa alipiga mluzi kutoka garini. Mbwa akainuka ghafla, kichwa cha Tadeo kikagonga saruji. Isakwisa hakungoja. Alimpokonya Verediana kitabu, akakitia sandukuni, akafunika, akaokota nyundo.

Verediana alimbeba mtoto. Paji la uso lilikuwa limeanza kuvimba.

"Basi niambie mwisho wake tu," alisema. "Hakimu alisema nini?"

"Sijui. Sijakisoma."

"Muda wote huo unakaa nacho?"

"Nimeajiriwa kuvitunza, mama. Siyo kuvisoma."

Akaanza kupiga misumari.

Verediana alirudi kizingitini akasimama hapo, akiupuliza uvimbe wa mwanawe. Tadeo alilia kwa sauti yake yote. Wale wasomaji wawili wakashusha magazeti, wakamtazama wakingoja ambembeleze anyamaze. Hakumnyamazisha.