Maharagwe ya Wenye Kuteswa

Hii habari nilipewa na Mama Annonciata, ule anauzishaka chumvi Kashebere, siku ya soko ya Nyabiondo kisha Pasaka hii imepita. Mvua ilitukuta, tukajibanza chini ya bashi la plastiki la muuza sukari. Yeye hakuwa na haraka, na mimi pia hapana. Mambo ya kanisani aliyaona kwa macho yake, na yale ya nyumbani alielezwa na Mama Uwimbabazi mwenyewe, juu wanakaa lupango moja, ndani ya uzio mumoja.

Huyu Mama Uwimbabazi ni mutoto wa milima ya Nyabiondo. Aliolewa Kashebere na Théoneste, fundi wa mapikipiki, na kule njo alifanywa mukubwa wa wamama wa kanisa. Si mutu wa maneno mingi. Kitu ukimupa akichunge, atakichunga mpaka wewe mwenyewe usahau kama ulimupa.

Basi, siku moja Pastor Mbonigaba alikuwa anasikiliza radio. Radio ikasema kuna inchi ya mbali, ng'ambo kule, ambako Wakristo wanateswa juu ya maombi yao. Watoto wao wanatolewa darasani, na wazee wanaambiwa waache kusali namna yao, ao watoto hawatarudi tena kusoma. Jina ya ile inchi ilikuwa karibu kutajwa mara ya pili, mawe ya radio, zile betri, yakaisha.

Siku ya Mungu akahubiri juu ya wale watu mpaka wamama wakatoa vitambaa. Na alipowaona wamelainika, akaongeza neno la pili.

"Na hapa kwetu pia tuwe macho. Serikali inasema masomo ya msingi ni bure. Ya bure hatukatai. Lakini inasema tena mutoto asifukuzwe. Masomo yetu, hii shule, iko ya kanisa. Sisi njo tulipasua mbao za mabenchi. Sasa mutu akae Kinshasa atuchagulie nani wa kukalia?"

Watu wakasema amina. Kwa neno la kwanza walisema amina, kwa la pili wakasema amina ileile.

Kwa benchi ya nyuma, penye wanaume wa sauti nene wanaimbiaka, Papa Barthélemy naye alisema amina. Huyu ni muwindaji, alitoka Kibua na kuhamia Kashebere na mujukuu wake wa kike, Plamedi, juu wazazi wa mutoto hawako tena. Alibatizwa tangu ujana, na hajakosa ibada isipokuwa nyama imemupeleka mbali. Lakini anapoua nyama, kitu cha kwanza ni kukata ini, kuiweka juu ya jani, na kuipeleka ku kibanda kidogo nyuma ya nyumba, kwa ajili ya marehemu baba yake. Plamedi njo alikuwaka anabeba jani. Kule Kibua hakuna mutu angegeuza kichwa. Hapa Kashebere, direktere wa masomo, Papa Sebarenzi, alipita njia siku moja akaona jani.

Komite ya masomo ikakaa. Direktere akasema masomo ya kanisa hayawezi kufundisha mutoto mwenye anapelekea wafu chakula. Akauliza nani anakubali mutoto akae nyumbani mpaka kile kibanda kibomolewe. Mikono ikapanda. Mama Uwimbabazi, juu mukubwa wa wamama anakaaka ku komite, naye aliinua wake. Alikuwa ameacha chungu ku moto, na komite ilikuwa imekawia.

Wakamuita Papa Barthélemy.

"Bomoa kile kibanda, muzee, mutoto arudi kusoma," direktere akamuambia.

"Ile nyumba iko ya baba yangu," alijibu. "Mutu anabomoaka nyumba ya baba yake naye angali ndani?"

"Baba yako alikufa."

"Njo maana hana nyumba ingine."

Hapo maneno yakaisha, na Plamedi akabaki nyumbani. Alikuwa wa mwaka wa sita. Kila asubuhi alikuja kukaa ku rundo la muchanga pembeni ya darasa, chini ya dirisha. Mwalimu akiuliza swali, yeye alikuwa anajibu kwa midomo bila sauti. Mama Uwimbabazi alikuwa anapita pale akitoka kuchota maji. Alikuwa anaangalia maji.

Na ikajulikana kwamba inspekta atakuja siku ya kwanza ya juma lenye kufuata, kuhesabu watoto watakaofanya mutihani wa serikali wa kumaliza masomo ya msingi. Mwenye hayuko ku benchi siku ile, hayuko ku mutihani. Papa Barthélemy alisema wazi: mutoto akikosa, atarudi Kibua kwa mujomba wake kulima. Wasichana waliorudi kulima, Mama Uwimbabazi aliwajua. Wanapitaka na mutoto mugongoni, wanasalimia vizuri sana.

Lakini turudi ku maharagwe.

Kisha lile hubiri, wamama walichanga maharagwe kwa ajili ya wenye kuteswa. Hata wamama wa Nyabiondo walituma gunia ku pikipiki, juu Kashebere iko ku barabara, na wao wa milimani waliona kama ng'ambo inaanzia ku barabara. Wakayawekea mikono, pastor akaomba. Mama Uwimbabazi akapewa kuchunga. Alipoona kaminyo ya kwanza, lori ya muzigo, akaisimamisha. Shofere alikuwa Déo, kijana wa kufahamika.

"Mama, muzigo unaenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo gani?"

"Kule Wakristo wanateswa."

Déo alifikiri kidogo. Hakucheka, juu alikuwa amelelewa vizuri. "Mama, mimi naishia Walikale centre. Kufika pale tu ni mateso, lakini sizani kama njo hayo unatafuta."

Maharagwe yakarudi ndani ya nyumba. Mvua ikanyesha, nyumba ikashika unyevu, na vidudu vikaingia gunia. Théoneste alikuwa anavisikia akilala.

"Mama watoto, tupike haya maharagwe."

"Yaliombewa."

"Vidudu havikuambiwa?"

Mama Uwimbabazi akaenda kwa pastor. Pastor alikuwa bado anatafuta mawe ya radio. Mwisho akasema: "Yaliwekwa kwa mutu anayeteswa juu ya maombi yake. Mwingine akikula, amekula ya Mungu. Kama wa mbali hawafikiki, tutafute wa karibu. Inchi ni kubwa, hatuwezi kukosa hata mumoja."

Neno likatangazwa kanisani: mwenye kuteswa juu ya maombi yake ajitokeze kwa Mama Uwimbabazi.

Kesho yake lupango likajaa. Mama Annonciata hakuenda sokoni siku ile, alisema chumvi haiozi.

Wa kwanza alikuwa Papa Nzabandora. "Bibi yangu ananifukuzaka ku kitanda juu ninaomba kwa sauti."

"Unaomba saa ngapi?"

"Akiisha kulala."

"Rudi nyumbani, papa."

Akaja Bibiche, ule anashona nguo, akasema muzungumuzo wa majirani unamutesa kila akitoka kanisani. Akaulizwa wanasemaka nini. Akasema wanasemaka alichelewesha nguo zao. Mama Pétronille, mujane, akasema yeye alikimbia na kuacha nyumba yake mara mingi, kwa masasi ya vita, na mifuko ku kichwa.

Hapo kila mutu wa lupango alikuwa na yake ya kusema. Mama Uwimbabazi mwenyewe alishakimbia Nyabiondo, akarudi, akakimbia tena.

"Wale waliokukimbiza," alimuuliza polepole, "walikuuliza unasalia wapi?"

Mama Pétronille akafikiri. "Hapana. Waliuliza mbuzi iko wapi."

"Basi dada, mimi pia ni vile. Haya maharagwe si yetu."

Mama Pétronille akakubali. Aliomba tu achukue yale yaliyotobolewa, apatie kuku, juu kuku hakuambiwa kitu. Akakatazwa.

Watu wakaenda. Mama Uwimbabazi akamwaga maharagwe ku lungo la kupepetea, akaanza kutenga mazima na mabovu. Plamedi alikuwa anapita na kuni ku kichwa. Akatua kuni, akachuchumaa, akaanza kusaidia bila kuulizwa. Alikuwa na vidole vya haraka.

"Ule papa wa kitanda, tuliyemusikia mpaka njiani, alikosea wapi?" Plamedi aliuliza.

"Mutu mwenye kuteswa, lazima kuwe na mwenye kumutesa. Na kuwe na kitu alichofukuziwa. Na iwe juu ya maombi, si juu ya makelele."

Plamedi akatupa haragwe bovu. "Kama mutu amefukuzwa darasani?"

"Njo vile radio ilisema. Darasani."

"Na mwenye kumufukuza akisema aache kwanza kuomba namna ya babu yake?"

Mukono wa Mama Uwimbabazi ulisimama juu ya lungo, ule wa kuume, ule ule wa komite.

"Mimi siombi kitu," Plamedi alisema. "Nilikuwa nauliza tu nijue, kama swali litakuja ku mutihani." Akabeba kuni zake.

Siku ya Mungu, Mama Uwimbabazi alifika na gunia ku kichwa. Kisha nyimbo akasimama, akasema: "Pastor, mwenye kuteswa amepatikana."

Kanisa lilifurahi kabisa. Wimbo ulianza wenyewe, ngoma ikafuata. Pastor Mbonigaba akainua mikono, akasema Mungu hakawii, aletwe mbele tumuone.

Mama Uwimbabazi hakwenda mbele. Alishika njia ya kati mpaka nyuma, ku benchi ya sauti nene, akatua gunia ku miguu ya Papa Barthélemy na Plamedi. Ngoma iliendelea kidogo, juu mupigaji alikuwa amefunga macho. Kisha naye akasikia anabaki peke yake.

"Mama," pastor akasema, "huyu ni Papa Barthélemy."

"Njo yeye. Mujukuu wake ametolewa darasani juu ya namna babu yake anaomba. Nililinganisha na maneno ya radio, sikupata tofauti."

"Na nani anawatesa?"

"Komite. Mimi pia niliinua mukono."

Papa Barthélemy aliangalia gunia. Hakuna mutu alikuwa amemuambia kitu, na hakupenda kuangaliwa.

Direktere Sebarenzi akasimama, akanyoosha koti. "Tusichanganye mambo. Kule ng'ambo ni mateso. Hapa ni utaratibu wa masomo. Huyu mutoto hateswi."

"Hateswi?" Mama Uwimbabazi akauliza.

"Hateswi hata kidogo."

"Uniambie vizuri, papa direktere, juu mimi nachunga maharagwe ya watu. Kama anateswa, nimuachie gunia, na wamama wa Nyabiondo tuwatumie habari kama wenye kuteswa walikuwa Kashebere, na watesaji pia. Kama hateswi, nirudi na gunia yangu, naye kesho akae ku benchi na wenzake. Chagua wewe, mimi nabeba tu."

Pastor aliangalia direktere. Direktere aliangalia dirisha. Ilikuwa ni kuchagua gunia ao benchi, na gunia lilikuwa mbele ya watu wote.

"Kesho aje," direktere akasema. "Lakini kile kibanda bado tutakizungumuzia."

"Mutazungumuza na baba," Papa Barthélemy akasema. "Mimi pia ananijibuka kwa kuchelewa."

Mutu mumoja akacheka upande wa wamama. Mama Annonciata hakunificha kama ni yeye.

Kesho yake inspekta akaja na pikipiki yenye matope mpaka ku taa. Akahesabu watoto wa mwaka wa sita. Plamedi alikuwa ku benchi ya kwanza, muchanga bado ku nguo. Alipoitwa aliitika kwa sauti kubwa sana, mpaka inspekta akamuuliza kama anasikia vibaya. Mama Uwimbabazi alikuwa anapita na chombo cha maji. Siku ile aliangalia dirisha, maji ikamumwagikia.

Ikabaki shida ya maharagwe, juu sasa mutoto hateswi tena.

Théoneste akasema yapikwe. Mama Uwimbabazi akasema hapana. Akazunguka lile neno tangu muchana, analima nalo, anafua nalo. Jioni akalisimamisha. Mutoto hateswi kuanzia leo. Lakini zile siku zote za muchangani aliteswa, na hakuna mutu alizilipa. Kwa hiyo maharagwe ni yake, ya zamani.

Akabeba gunia mpaka kwa Papa Barthélemy, pamoja na muzee wake Théoneste, na Mama Annonciata akabeba chumvi. Yakapikwa na mafuta ya mawese na kitunguu. Vidudu vichache vilielea juu, Plamedi akavitoa na kijiko.

Yalipoiva, Papa Barthélemy alichukua jani, akaweka juu yake kijiko cha kwanza, akamupa Plamedi. Plamedi akamuangalia Mama Uwimbabazi, mukubwa wa wamama wa kanisa.

Mama Uwimbabazi alikuwa anachunguza mufuniko wa chungu. Aliuchunguza upande wa juu, akaugeuza, akachunguza upande wa chini. Alipomaliza, mutoto alikuwa ameisha kurudi kutoka nyuma ya nyumba, mikono mitupu.

"Tuombe," akasema.

Wakaomba, Papa Barthélemy kwa sauti nene. Wakakula mpaka chungu kikaonekana chini. Plamedi alisinzia na kitabu cha hesabu ku magoti, babu yake akamufunika. Kisha naye akalala palepale ku kiti, mikono ku tumbo. Wageni wakashika njia. Mama Annonciata aliingia kwake, akafunga mulango. Théoneste alilala kwanza mbele hata ya kuvua viatu, juu usiku ule hakukuwa na vidudu vya kusikiliza.

Mama Uwimbabazi alikunja gunia tupu, akaliweka chini ya kitanda. Akakumbuka kama wale wa ng'ambo bado hawajapata kitu. Akawaombea, bila kujua jina ya inchi yao, akasema Mungu ataijua. Kisha akazima taa, akalala.