Mwanangu Hakuitwa Tereza

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hili nitaliandika mwenyewe, nyie wazazi wenye watoto wenye mbio mlisome.

Binti yangu Minza alimaliza shule ya msingi mwaka juzi. Akabaki nyumbani, kijijini kwetu Mamba, asubuhi ndama, mchana majaruba ya mpunga. Ndama akitoroka, Minza alimfikia kabla hujamaliza kumtukana. Mwalimu Nashon wa michezo aliona hilo. Mwezi wa tano mwaka huu akaja, kofia mkononi.

"Mama Minza, niazime huyu mtoto siku nne tu."

"Kwani ni jembe?"

Akacheka. Akaeleza. Mashindano ya mkoa ni ya wanafunzi, na Minza siye mwanafunzi tena. Atakimbia kwa jina la Tereza, binti wa jirani yetu Gabrieli, aliye darasa la saba. "Akishinda anachukuliwa shule ya bweni ya michezo, bure. Majina tutarekebisha huko huko."

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, na sijifichi. Mume wangu Luhende naye akakubali.

Minza alikimbia mita mia pale Mpanda, miguu mitupu, sekunde kumi na mbili na pointi tatu. Rekodi ya wasichana iliyokaa miaka tisa ikavunjika. Redio ikatangaza: "Tereza Gabrieli, umeme wa Katavi!" Tulipiga vigelegele kama wajinga, tukimshangilia mtoto wa mwenzetu.

Barua ya shule ya bweni ikaja. Ikaenda kwa Gabrieli. Tereza mwenyewe, mtoto mpole, alikuja nayo analia: "Mama, mimi hata kukimbia mvua siwezi."

Nikamfuata Mwalimu. "Rekebisha sasa."

"Haiwezekani tena, mama. Aende tu kama Tereza. Akishakuwa mkubwa nani atauliza?"

Nyumbani Luhende akaongeza lake: "Jina ni jina. Ng'ombe ukimbadilisha jina, maziwa yanageuka?"

"Basi kuanzia leo nawe nikuite Gabrieli, nikapike kwake!"

Minza ni jina la mama yangu, aliyeswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka huku akiwa na mimba yangu. Nilimpa mtoto lile jina afike nalo mbali. Leo liuzwe kwa kitanda cha bweni?

Nikapanda basi la alfajiri mpaka Mpanda, kwa afisa wa michezo. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mama, nikiyaandika haya, rekodi inafutwa. Nafasi ya shule inapotea. Binti anafungiwa mwaka mzima. Mwalimu naye tunamshughulikia. Niandike?"

Nikasema, "Andika. Na Minza uandike kwa herufi kubwa."

Niliporudi nilimweleza mtoto. Hakulia. Aliniuliza neno moja: "Mayu, mama yangu, sasa siku ile alikimbia nani?"

Nilimwomba msamaha, mimi mama yake, kwa sauti, baba yake akisikia. Siku ya sita akaniletea ile fulana ya mashindano, mgongoni imeandikwa TEREZA kwa kalamu ya wino mzito. "Mrudishie mwenyewe," akasema, akaenda kwa ndama wake. Mbio, siyo kutembea.

Kifungo kinaisha mwezi wa saba mwakani. Cheti chake cha kuzaliwa nimekifuatilia mara tatu, sasa kipo, nimekifunga kwenye kanga yangu. Kama atakuwa na mbio zilezile, Mungu ndiye ajuaye. Miguu ya mtoto haingoji wakubwa wamalize uongo wao.

Mwalimu Nashon amehamishwa, nasikia yuko kata nyingine, bado na kofia yake. Akija kwako kuazima mtoto, mpe jembe. Akikataa jembe, mfungulie mbwa.