Viatu Mlangoni kwa Mama

Mama alikuwa na alama za vidole vya mtu mkononi, zimeshakuwa bluu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi. Lorna, msimamizi wa nyumba ile ya wazee waliopoteza kumbukumbu, vumbi la plasta la kazini bado limenijaa kichwani.

"Nani kamshika mama yangu?"

"Keti, Bwana Danylo."

"Sikuja kukaa."

Akanieleza nikiwa nimesimama. Mama anapiga wahudumu. Wakienda kumwogesha anawakwaruza, na wiki ile alimsukuma mmoja akaangukia kitanda. Aliyemshika mkono alikuwa anajikinga, na ameshaonywa. Daktari anashauri dawa ya kumtuliza, ila mpaka mimi nikubali.

"Inafanya nini hiyo dawa?"

"Itampunguza ukali. Atalala zaidi. Na sikufichi, wengine wanapepesuka na kuanguka."

Angalau hakunidanganya. Nikamwambia nitamjibu kabla sijaondoka.

Mlangoni kwa mama nilivua buti. Mwezi wa nne huku Manitoba theluji inayeyuka, nje tope tupu, na mtu aliyelelewa na mama yangu, Stefania Hnatiuk, haingii ndani na buti hata akifukuzwa na dubu. Mama alikuwa kitini na taulo mapajani. Akanitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Wewe fundi wa hita," alisema. "Umechelewa. Tumeganda humu."

"Samahani, mama. Barabara mbaya."

"Kila siku barabara. Kaa."

Tukakaa vizuri tu, mpaka Marivic alipobisha hodi. Ni mhudumu, Mfilipino, mtu wa utani.

"Bibi mrembo, twende tukaoge?"

Alipopiga hatua ya pili ndani, mama alisimama akamchapa taulo shingoni. "Toka. Toka na hivyo, hivyo..." Neno likamkatalia. Marivic akarudi koridoni. Mama akainama kwa shida, akaanza kufuta sakafu. Nikainama naye. Alikuwa anafuta alama ya soli.

Nikamfuata Marivic. "Dada, vua viatu uingie tena."

"Unataka nifukuzwe kazi, kaka? Mwenzetu aliteleza na soksi humu akavunjika nyonga. Tangu hapo ni viatu vya kufunika, basi."

"Kwako unaingia navyo ndani?"

"Mama yangu angenitupia sufuria." Alicheka, kisha akatazama miguu yake.

Tulikwenda wote kwa Bi. Lorna. Hakupenda. "Nikiruhusu soksi, akivunjika mtu mwingine, wewe ndiye utakwenda kumweleza mumewe?"

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi kazini, najua mfupa unavyouma. Marivic ndiye aliyesema: viatu vya raba, vya kufunika, vya chumba kile tu. Vikae kwenye trei mlangoni, na kila anayeingia abadili mama akiona.

"Muda huo mnao?" Bi. Lorna aliuliza.

"Wa kukimbizwa na taulo tunao."

Bi. Lorna akatikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. Tujaribu, alisema. Mama akimuumiza mtu tena, nikubali dawa. Nikasema sawa, na sikuipenda ile sawa.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mama nywele zimeoshwa, ananukia sabuni. Marivic alikuwa mlangoni anabadili viatu, mama kamkazia macho kama askari wa mpakani.

"Na hicho kingine," mama alisema.

"Navua, bibi, navua. Usinifunge jela."

Mkono wa mama ulikuwa umepona. Si kwamba amekuwa malaika. Marivic aliniambia jana yake alimrushia uji. Lakini uji hauvunji mtu, na Bi. Lorna alikuwa ameshamwambia daktari dawa haihitajiki kwa sasa.

Nilipotoka nilikaa koridoni kuvaa buti. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Ndani mzee mmoja, Wendell, alikuwa amelala kitini, kidevu kifuani. Ni saa sita mchana. Sijawahi kumwona yuko macho.

"Huyu naye alikuwa anapiga?" nilimuuliza Marivic.

"Wanasema alikuwa anapiga sana. Mimi nimemkuta hivi hivi, ameshaanza dawa."

"Alikuwa na shida gani?"

"Hakuna aliyejua, kaka."

"Watoto?"

"Wako mbali."

Akaenda na ndoo yake. Nilikuwa nimeshafunga kamba za buti moja. Nikazifungua, nikaingia kwa Wendell na soksi, nikavuta kiti nikakaa karibu naye.