Mtihani wa Konokono

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye saa mkononi na kalamu nyekundu.

Kazi yangu ni kuwafundisha madaktari wanaojiandaa kuhudumia familia. Zamani tuliwafundisha kumshika mgonjwa. Sasa mambo yamegeuka: mgonjwa huonekana kwanza kwenye kioo cha kompyuta, akiwa kwake, na daktari ana dakika kumi za kuamua aje au asije. Wakubwa wanayaita maendeleo. Mwanzoni nilipinga, nikatishwa kidogo, nikawa muumini kuliko aliyenihubiria.

Mwanafunzi niliyemsumbua kuliko wote nilimbatiza Konokono. Si mvivu, ila akimuuliza mgonjwa habari za asubuhi, anasubiri jibu. Mtihani wa kioo ulishamwangusha. Akianguka tena, mafunzo ndiyo basi, afungashe arudi kwao.

Mgonjwa wa mtihani huwa wa kuigiza. Aliyepangwa hakutokea, nikamwita dada yangu mkubwa, fundi cherehani, mtu ambaye maneno hayajawahi kumwishia. Nikamwelekeza: una kikohozi, homa huna, usiongeze chumvi. Alipokuwa akiketi nikaona pete yake ya ndoa imezungushiwa uzi isimponyoke.

"Dada, siku hizi hata pete unazipiga pindo?"

"Cheka tu, mdogo wangu." Akaomba maji. Akanywa, akaomba mengine.

Nikamwacha mbele ya kompyuta, nikaenda chumba cha pili kusimama nyuma ya Konokono.

Dada alikohoa vizuri, akashushia glasi nyingine ya maji, nusura nimpigie makofi. Konokono akauliza yanayoulizwa. Kisha akakisogelea kioo.

"Mama, hiyo pete zamani ilikuwa inakutosha?"

Dada akasahau kukohoa. "Ilikuwa haitoki hata kwa sabuni."

"Na maji? Unakunywa hivyo kila siku?"

"Mwanangu, usiku silali. Nakunywa, nakwenda chooni, narudi, nakunywa."

"Konokono," nikamnong'oneza, "hayo hayamo. Kikohozi! Saa inakwenda."

Akainuka. Akachukua kipimo cha sukari mezani, akaelekea mlangoni. Nikamfuata nikibwata kwamba akivuka kizingiti kile mtihani umekwisha.

Akavuka.

Akamtoboa dada kidole. Kipimo hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepanda kupita uwezo wake wa kuhesabu. Konokono akamshika dada mkono, akamweleza taratibu, kama kawaida yake, kwamba wanakwenda wodini sasa hivi, si kesho.

Mwenye akili hapo angefunga mdomo. Mimi nikafungua karatasi ya alama.

"Umefanya vizuri," nikamwambia, "lakini mtihani ni wa kioo, na wewe umekiacha. Siwezi kukupitisha."

"Najua, mwalimu." Alikuwa bado ameikandamiza pamba kwenye kidole cha dada. "Andika tu."

Lile "andika tu" lilinichoma. Nikamgeukia dada, angalau nipate wa kumlaumu.

"Na wewe! Mdogo wako daktari, unaumwa, unakaa kimya?"

"Kimya gani? Nilikupigia simu. Ukasema nifuate utaratibu kama watu wengine, nikae nyumbani nisubiri zamu yangu ya kioo."

Ni kweli nilisema. Tena nilisema huku nikicheka, nikajiona mtu wa haki asiyependelea ndugu.

"Sasa unataka nifanyeje, dada? Sheria sikuitunga mimi. Nikimpitisha huyu, kesho kibarua changu kinaota nyasi."

Dada akajishikiza begani kwa Konokono, akasimama kwa taabu.

"Mwangushe, mdogo wangu. Ila nikizidiwa huko wodini, wewe usije. Niitie huyu aliyeanguka."