Nusu Nyeusi ya Picha ya Harusi

Mimi ni mpiga picha, na usiniulize nimesemwa mara ngapi kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Nilikuwa kijana, kamera mpya, kichwa kikubwa. Ukumbini nikaweka spidi kubwa, kamera ifunguke na kujifunga upesi, nikidhani ndio ufundi wenyewe. Kumbe kila flashi ilipowaka, pazia la ndani ya kamera lilikuwa limeshafunika nusu ya filamu. Picha thelathini na sita! Dada yupo, anacheka. Bwana harusi, aliyesimama upande uleule siku nzima, ni giza tupu. Hadi leo shemeji hutania kwamba mke wake aliolewa na ukuta.

Mwezi uliopita dada akanipigia simu. Nuru ya macho ya shemeji ilikuwa ikipungua kidogo kidogo naye amenyamaza tu, na sasa daktari kasema imebaki miezi michache asione kabisa.

"Anataka aone picha yetu, sisi wawili, kabla hajashindwa," akasema. "Njoo na kamera yako."

"Dada, simu zipo."

"Umeharibu kwa kamera, tengeneza kwa kamera. Na safari hii ukikosea, mimi na wewe basi."

Flashi ya usoni ingemchoma shemeji macho, kwa hiyo nilipanga kuielekeza juu, mwanga ugonge dari ndipo uwashukie. Nikaingia sebuleni, nikatazama juu. Lahaula!

"Nani kapaka dari kijani?"

"Mimi," shemeji akajibu kwa fahari.

"Basi mtatoka kama vyura."

Tukafunga shuka jeupe kutoka fimbo ya pazia hadi juu ya kabati, dada akilalamika kwamba ndilo la wageni. Spidi safari hii nikaweka ndogo, sitini. Nikaitazama mara tatu, sikujiamini. Lenzi nikaifungua zaidi, maana mwanga uliopanda ukashuka hurudi umechoka. Nikabonyeza.

"Tayari?" shemeji akauliza. "Mbona flashi haijanipiga machoni?"

Nikaisafisha filamu mwenyewe, nikatoa picha moja kubwa, pana kama sinia. Alhamisi nikaipeleka. Walikuwa wametoka wote wawili, vivuli laini, hakuna uso uliopauka. Nilijisifu njia nzima.

Shemeji akaipeleka dirishani, akaisogeza hadi karibu na pua. Nikangoja ajione, acheke, anisamehe. Kidole chake kikaupita uso wake mwenyewe bila kusimama, kikaenda kutulia kwenye nywele za dada pichani.

"Wee! Una mvi?"

"Ninazo," dada akasema.

"Tangu lini?"

Dada akavuta kiti, akaketi. "Mwaka wa tano huu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaziona."